Sura ya Sita: Gari Lililotumika kwa Wakala Rasmi, Unalipia Nini?

“Gari ni lile lile, mwaka ule ule. Yadi wanataka milioni 24, wakala anataka milioni 27. Hiyo milioni tatu ni ya nini?”

Kila anayetafuta gari lililotumika hulifikia swali hili, na mtaani atapewa majibu mawili. Mtu wa kwanza atamwambia kwamba wakala ni mwizi aliyevaa tai. Wa pili atamwambia aende kwa wakala akalale usingizi, kwa sababu kule hakuna anayepigwa. Wote wawili wanazungumza kishabiki, na ushabiki ni mshauri mbaya wa mtu mwenye milioni 27 benki.

Sura hii inajibu hivi: bei ya juu ya wakala inapaswa kukununulia vitu viwili, yaani historia ya gari inayothibitika na mtu wa kurudi kwake gari likisumbua. Ukivipata vyote kwa maandishi, bei hiyo inaweza kuwa ya haki kabisa. Ukikosa kimoja, una sababu ya kuomba punguzo. Ukikosa vyote, unachangia kodi ya jengo na umeme wa kiyoyozi.

Wakala rasmi ni nani, na magari haya anayatoa wapi?

Wakala rasmi ni kampuni iliyoingia mkataba na mtengenezaji ili kuuza magari mapya ya chapa fulani katika nchi, kuleta vipuri vyake halisi na kuyahudumia. Kenya, Toyota mpya huuzwa na CFAO, na Isuzu huunganishwa na kuuzwa na Isuzu East Africa, kampuni iliyoitwa General Motors East Africa hadi mwaka 2017. Tanzania, jina la Toyota limefungamana kwa miaka mingi na familia ya Karimjee, wafanyabiashara walioanzia Zanzibar mwaka 1825.

Yadi haina mkataba na mtengenezaji. Inaagiza magari kutoka Japani, Uingereza au Singapore, au inapokea magari ya watu na kuyauza kwa kamisheni. Wapo wenye yadi waaminifu wanaowazidi mawakala wengi, ila uaminifu wao ni wa mtu mmoja mmoja, hauna mfumo nyuma yake.

Sasa, kampuni ya magari mapya inapata wapi yaliyotumika? Mara nyingi ni kwenye njia hizi:

1. Kubadilisha kwa kuongeza. Mteja analeta gari lake la zamani, linathaminiwa, anaongeza pesa na kuondoka na jipya. La zamani linabaki kwa wakala.
2. Magari ya mashirika. Benki, kampuni za vinywaji na mashirika ya misaada hununua magari mapya kwa mkupuo, huyatumia miaka kadhaa, kisha huyauza yote pamoja.
3. Magari ya majaribio. Haya ndiyo wateja huendesha kabla ya kuagiza lao. Yana kilomita chache, lakini yamepitia mikono mingi, na wengi walikanyaga mafuta ili waone gari “linavuta” vipi.
4. Yaliyoagizwa nje. Wakati mwingine hata kwa wakala utakuta gari lililotoka Japani likiwa limeshatumika huko, sawa na la yadi.

Magari hayo yanaweza kupangwa mstari mmoja, yote yameoshwa na kung’arishwa matairi. Ndiyo maana swali la kwanza kumuuliza muuzaji ni hili: “Gari hili lilifikaje hapa?” Pikapu ya shirika iliyoendeshwa na dereva mwajiriwa na kupelekwa servisi kwa ratiba haina maisha sawa na gari la mtu aliyekuwa akingoja taa nyekundu iwake ndipo aongeze oili.

*Kwa kifupi: jina lililo mlangoni ni moja, lakini magari ndani yana asili tofauti. Ijue asili kabla ya bei.*

Anayejua na anayekisia

Mwaka 1970 mwanauchumi Mmarekani George Akerlof alichapisha makala kuhusu soko la magari yaliyotumika. Majarida matatu yalikuwa yameikataa. Miaka 31 baadaye ilichangia kumpatia Tuzo ya Nobel ya Uchumi, aliyoipokea pamoja na wenzake wawili.

Hoja yake inaeleweka na kila aliyewahi kupita yadi. Muuzaji analijua gari, mnunuzi anakisia. Kwa kuwa mnunuzi hawezi kutenganisha zima na bovu, anatoa bei ya katikati. Mwenye gari zima anaiona bei hiyo haimlipi, anaamua kubaki na gari lake. Mwenye bovu anaikimbilia. Magari mazima yanapungua sokoni, wanunuzi wanashtuka na kushusha bei zaidi, na mazima yaliyobaki nayo yanaondoka.

Dawa ya ugonjwa huu ni mtu anayeweza kupunguza kukisia kwako na ambaye ataumia akikudanganya. Wakala ana karakana, ana mafundi waliofunzwa kwa chapa hiyo, ana kumbukumbu za servisi, na anataka urudi siku moja kununua jipya. Kwa hiyo ana uwezo wa kukutoa gizani. Kama ametumia uwezo huo kwa gari unalolitazama wewe, hilo ni jambo la kuthibitisha.

Historia: karatasi zinazostahili bei

Anza na namba ya chesisi, yaani namba iliyogongwa kwenye chuma cha gari tangu kiwandani. Kwa gari lililouzwa jipya na wakala huyo, namba hiyo ikiingizwa kwenye kompyuta ya karakana inatoa orodha: tarehe ya kila servisi, kilomita zilizosomwa siku hiyo, na kilichobadilishwa. Omba ichapishwe. Kisha soma safu ya kilomita kutoka juu kwenda chini. Gari lililosoma kilomita 96,000 mwaka 2021 haliwezi kusoma 71,000 leo, na pengo la miaka miwili bila servisi yoyote linahitaji maelezo.

Hapa kuna kikomo ambacho wauzaji hawakitaji. Gari lililotengenezwa kwa ajili ya soko la ndani la Japani huwa na namba fupi ya chesisi, kwa mfano inayoanza na NZE141 kisha kistari na tarakimu. Kumbukumbu za wakala wa hapa kuhusu gari la namna hiyo huanza siku lilipoingia kwenye karakana yake mara ya kwanza. Maisha yake ya Japani hayamo. Kwa gari kama hilo, omba karatasi ya mnada: ukurasa mmoja wenye mchoro wa gari, alama za mikwaruzo, kilomita na daraja. Daraja la 4 au 4.5 ni gari zuri. Herufi R au RA humaanisha liliwahi kugongwa na kutengenezwa. Hati ya kulisafirisha kutoka Japani nayo mara nyingi huonyesha kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi wa huko.

Tanzania tuna mazoea ya kulitaja gari kwa pleti: “Ni namba D,” “Hili namba E, bado bichi.” Pleti inasema gari lilisajiliwa lini nchini, haisemi lilitengenezwa lini. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza, kwa hiyo pleti mpya ina mpaka fulani wa umri. Tanzania huruhusu magari ya zamani zaidi, ila huyatoza ushuru wa nyongeza kwa uzee. Ndiyo maana namba E inaweza kuwa juu ya gari la mwaka 2006. Mwaka wa kutengenezwa utafute kwenye kadi ya gari, ile ambayo Kenya huitwa logibuku.

Kwa gari lililotoka shirika la misaada au ubalozi, ongeza swali la kodi. Magari yenye pleti za DFP, yaani ya miradi ya wafadhili, pamoja na ya wanadiplomasia, huingia kwa msamaha wa ushuru. Yakiuzwa kwa mtu asiye na msamaha, ushuru hulipwa kwanza. Omba kuona kwamba umelipwa.

Mwisho, tazama jina. Gari lililobadilishwa kwa kuongeza linaweza kuwa shorumu huku kadi ikisoma jina la mwenye gari wa zamani. Kenya, kumbukumbu za gari hutafutwa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kupitia eCitizen, na huonyesha mmiliki na kama gari limewekwa dhamana ya mkopo. Tanzania, uhamisho wa umiliki hupitia TRA, mamlaka ya mapato. Kwa pleti peke yake unaweza pia kuangalia faini za trafiki kwenye mfumo wa polisi na deni la maegesho la TARURA. Madeni hayo yalipwe na muuzaji kabla hujatoa fedha.

*Kwa kifupi: historia ni karatasi. “Gari halina tatizo, bosi” si historia.*

Nusu saa na gari lenyewe

Wakala atakuambia gari limepita ukaguzi wa vipengele mia na kitu. Vizuri. Omba fomu iliyojazwa ya gari hilo, yenye jina la fundi na tarehe. Ile nzuri iliyochapwa kwenye kipeperushi haina gari lolote ndani yake. Kisha lione mwenyewe, ukiwa na fundi wako ikiwezekana.

Piga simu kabla ya kwenda na uombe gari lisiwashwe. Injini ya baridi ndiyo inayosema ukweli. Ukifika, gusa boneti. Ikiwa ya moto, kuna kelele au moshi wa asubuhi uliokwisha kupita kabla hujaja.

Geuza ufunguo hadi taa za dashibodi ziwake bila kuwasha injini. Taa ya injini na ya mifuko ya hewa zinapaswa kuwaka; ya mifuko ya hewa izime yenyewe baada ya muda mfupi, na ya injini izime ukiwasha injini. Yoyote ikiendelea kuwaka baada ya hapo, kuna hitilafu. Isipowaka kabisa, wasiwasi uwe mkubwa zaidi, kwa maana huenda imezibwa ili isikusumbue. Washa injini, iache iungurume, halafu baadaye ikiwa imepoa, fungua kifuniko cha oili. Ukikuta utando mzito wa rangi ya chai ya maziwa, maji ya rejeta yanaweza kuwa yanaingia kwenye oili, na huenda gari limewahi kuchemsha hadi gasketi ikaachia. Wakati mwingine utando kidogo huletwa na safari fupi fupi tu, hivyo mwachie fundi apime.

Inama kwenye tairi. Ubavuni kuna mfuatano unaoanza na herufi DOT, na tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Gari lenye kilomita 30,000 na matairi manne mapya ya chapa tofauti lina jambo la kueleza. Linganisha pia kilomita na mpira wa pedali ya breki, ngozi ya usukani na kiti cha dereva. Kushusha kilomita kwenye dashibodi ni kazi ya dakika chache kwa mwenye kifaa, lakini pedali iliyolika hadi chuma hairudishiki kwa kompyuta.

Vuta kidogo mpira wa mlango. Chini yake, kingo za bati zina alama za duara za kuchomelea za kiwandani, zilizopangwa kwa umbali unaolingana. Zikitoweka upande mmoja na kuwepo upande wa pili, bati limepigwa upya. Kisha liendeshe: barabara yenye matuta usikilize bushi na shokapu, na barabara ya wazi uone kama gia zinabadilika bila kugonga.

Wakala ana mashine ya kusoma kompyuta ya gari. Omba ichomekwe mbele yako na upewe chapisho. Akikataa jambo lisilomgharimu chochote, umepata jibu.

Waranti isome kama mkataba

Waranti ni ahadi ya maandishi kwamba hitilafu fulani ikitokea ndani ya muda au kilomita fulani, muuzaji ataitengeneza kwa gharama yake. Kuna aina mbili. Ya kwanza ni masalia ya waranti ya gari jipya, ambayo mara nyingi ni miaka 3 au kilomita 100,000, lolote litakalotangulia. Gari la miaka miwili linaweza kuwa bado limo, mradi servisi zake zilifuatwa. Ya pili ni waranti ya wakala mwenyewe kwa gari lililotumika, na hii hutofautiana sana.

Kwenye karatasi tafuta mambo manne: inagusa nini (injini na gia boksi peke yake, au hata umeme na kiyoyozi); haigusi nini (breki pedi, klachi, betri na tairi huachwa nje karibu siku zote); kama kuna kikomo cha fedha kwa kila dai; na nini kinaiua. Mara nyingi inakufa ukifanya servisi moja tu nje ya karakana yao. Mtu wa Songea anayenunua gari Dar es Salaam ajiulize kama atasafiri kilomita zaidi ya 900 kila mara oili inapotaka kubadilishwa.

Sheria nayo ina neno. Sheria za uuzaji wa bidhaa za Kenya na Tanzania zimefuata ile ya Uingereza ya mwaka 1893, na zinataka bidhaa iliyonunuliwa kwa maelezo kutoka kwa mfanyabiashara wa bidhaa hizo iwe na ubora unaokubalika sokoni. Mtu binafsi anayeuza gari lake habebi mzigo huo; hii ni faida halisi ya kununua kwa mwenye biashara. Lakini ina mianya miwili. Kama ulilikagua gari, hutalalamika kwa kasoro ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuionyesha. Na muuzaji anaweza kujaribu kuukwepa mzigo huo kwa maneno ya mkataba. Ukiona kwenye ankara maneno yenye maana ya “linauzwa kama lilivyo na mahali lilipo,” jua kwamba unaombwa kuusamehe ulinzi huo kwa saini yako. Kwa hiyo kila kasoro uliyoiona iandikwe kwenye makubaliano pamoja na ahadi ya kuitengeneza kabla ya makabidhiano.

*Kwa kifupi: waranti isiyosomwa ni mapambo. Uliza inagusa nini, mpaka lini, wapi, na nini kinaiua.*

Hesabu ya milioni tatu

Sasa turudi kwenye tofauti ya bei. Omba karatasi ya kazi ya karakana, ile inayoonyesha wakala alilifanyia gari nini kabla ya kuliweka sokoni. Tuseme inaonyesha tairi nne mpya, betri, breki pedi na servisi kubwa, vyote vyenye thamani ya milioni moja na laki mbili. Hizo ungezitumia hata kwa gari la yadi. Imebaki milioni moja na laki nane, na hiyo ndiyo bei ya historia na waranti. Swali limekuwa dogo na linajibika: je, orodha hii ya servisi na, tuseme, miezi sita ya waranti vina thamani hiyo kwako?

Kwa anayekopa, hesabu nyingine inaweza kuifunika hiyo yote. Mawakala wengi wana makubaliano na benki, na yadi nyingi hutoa mikopo yao. Uliza riba inahesabiwa vipi. Riba bapa hutozwa kwenye mkopo wote hadi mwisho, hata kwa sehemu uliyokwisha kulipa. Riba ya salio hutozwa kwenye deni lililobaki tu. Mkopo wa milioni 10 kwa asilimia 15 kwa miaka 3: kwa riba bapa utalipa riba ya milioni 4.5, kwa riba ya salio, takriban milioni 2.5. Asilimia ni ile ile, tofauti ni milioni mbili. Mtu anaweza kushinda laki tano kwenye bei ya gari na kupoteza mara nne yake kwenye meza ya mkopo, chumba cha pili.

Lini usiende kwa wakala

Kama gari unalolitaka ni chapa asiyoiuza, karakana yake haina ujuzi wa pekee kulihusu. Kwa wakala wa Isuzu, Subaru iliyoachwa na mteja ni gari la yadi lenye bei ya wakala. Kama unaishi mbali na tawi lake, waranti inapungua thamani. Na kama bajeti yako inaishia kwenye gari la miaka 15, wakala huenda hana kabisa, kwa sababu mazee kama hayo mengi huyasukuma kwa madalali. Hapo fundi mzuri unayemlipa wewe, pamoja na muuzaji mwenye karatasi zake, ni njia bora kuliko jina kubwa.

Usisahau pia kwamba bei ya wakala hujadiliwa. Mwisho wa mwezi muuzaji ana lengo la kufikisha, na gari lililokaa miezi minne linakula nafasi. Bei ikigoma kushuka, omba vitu: servisi mbili za bure, waranti iongezwe, uhamisho wa umiliki walipe wao.

Maswali saba ya kwenda nayo

1. Gari hili lilifikaje hapa, na kadi inasoma jina la nani?
2. Naomba orodha ya servisi, au karatasi ya mnada kama lilitoka Japani.
3. Fomu ya ukaguzi iliyojazwa iko wapi, na nani aliijaza?
4. Karakana ililifanyia nini kabla ya kuliuza?
5. Waranti inagusa nini, inakoma lini, na servisi nifanyie wapi?
6. Kuna deni lolote: mkopo, ushuru, faini, maegesho?
7. Nikikopa, jumla nitakayolipa hadi mwisho ni shilingi ngapi?

Yaulize kwa upole na kwa mpangilio huo huo, na uandike majibu mbele ya muuzaji. Anayeyajibu kwa karatasi anastahili bei yake. Anayeyajibu kwa maneno, mpe bei ya yadi. Akiikataa, mwachie namba yako ya simu na uende ukaone gari linalofuata.